Glasi Inayotoka Jasho

Sapporo, 24 Novemba 1991

Kaka Hotaka,

Theluji imeanguka, na safari hii haikuyeyuka. Natumaini huko kusini, Nada, bado kuna joto kidogo na kwamba hukosi soksi kavu.

Najua utacheka. Lakini mwalimu wetu wa lugha anasema barua isiyoanza na majira ya mwaka ni kama mgeni anayeingia ndani na viatu.

Mimi sijambo. Mama hajambo. Baba ana kikohozi, na sauti yake inakwaruza tangu Septemba. Daktari amesema ni kidonda kooni. Usijali.

Ninaandika kwa jambo moja. Tarehe kumi na tano Januari ni Siku ya Watu Wazima, na wewe umetimiza miaka ishirini. Wote uliosoma nao watakwenda kwenye ukumbi wa mtaa wakiwa wamevaa vizuri. Baba hajasema lolote mbele yangu, ila juzi nilimsikia jikoni akimwambia Mama, "Kijana akifika ishirini, baba yake ndiye humpa bia ya kwanza. Mzee wangu alinipa mimi." Mama akamuuliza atakupa wapi. Akasema, "Kwani pako pengine?"

Ni kwenye makumbusho ya bia, Kaka. Bado unapakumbuka? Walipofungua, Baba alitupeleka wiki ile ile, akamsahihisha mwelekezi mbele ya watu kuhusu kimea, nami nikajificha nyuma ya jungu la shaba. Kwenye ukumbi wa kuonja ulimwomba akuachie japo povu. Akakuonyesha meza ya dirishani: "Ukifika ishirini. Kiti chako ni kile."

Kuna jingine, labda litakufurahisha. Kila jioni Baba akirudi kutoka kiwanda chake cha bia humimina bia kwenye glasi ndogo na kuiweka mbele ya picha yako ya sare ya shule. Mama aliitia kwenye ile fremu nyeusi iliyobaki baada ya msiba wa Bibi. Baba huitazama glasi kitambo, ndipo anapokula. Ameanza tangu ulipoondoka.

Njoo. Siku moja tu.

Mdogo wako,
Mizuho


Nada, 3 Desemba 1991

Wewe panya wa maktaba,

Huku hatuna majira ya mwaka. Tuna mvuke, mchele na kelele za mzee mmoja. Mpishi mkuu wa pombe anatuamsha gizani kwa kugonga ndoo. Tunaosha mchele kwenye maji ya baridi hadi vidole havijui ni vya nani. Na msimu mzima tumekatazwa kula maharage ya kuchacha, maana eti vijidudu vyake vitaua ukungu tunaouotesha kwenye mchele ili pombe ichache. Jana nimeota bakuli la maharage hayo. Nimeamka nalia.

Sasa tuje kwenye mambo yako. Bia mbele ya picha yangu. Fremu ya msiba wa Bibi. Halafu unasema labda litanifurahisha.

Mizuho, kwa vitabu vyote hivyo unavyosoma, hujui ni nani huwekewa kinywaji mbele ya picha? Bibi tunamwekea chai na wali. Babu tunamwekea sigara. Ni wafu, mdogo wangu. Siku ile niliyokataa kwenda kutia saini kiwandani, Baba alisema, "Mimi sina mwana." Nikajiambia ni hasira. Alikuwa amemwinamia bosi wake ili nipate kazi, nami nikapanda treni na kumwachia aibu. Nilistahili matusi. Lakini sikujua kwamba amenizika kabisa, na kila jioni ananitolea sadaka.

Basi mwambie aende kwenye makumbusho na maiti wake. Maiti hapandi ndege. Na hata angepanda, hapa mtu hatoki kabla ya Aprili, msimu uishe. Simu ipo ofisini tu, na ni ya habari za msiba.

Wewe nakupenda. Habari zake usiniandikie tena.

Hotaka


Sapporo, 8 Desemba 1991

Kaka,

Umekosea, na kosa limetoka kwangu, kwa sababu sikukueleza picha iko wapi.

Baada ya barua yako nilisimama kwenye mlango wa jikoni mpaka miguu ikafa ganzi. Unajua nilivyo. Mwishowe nikauliza.

"Baba, ile glasi ni ya nini?"

"Ya Hotaka."

"Lakini Hotaka hajafa."

Alinitazama kama mtu aliyeniona namwaga tangi zima. "Nani kasema amekufa?"

"Picha. Fremu. Bia."

"Kha! Na shule yote hiyo?" Akanivuta mkono hadi mezani. "Ya maiti huwekwa wapi?"

"Kwenye madhabahu ya nyumbani, kwa Bibi."

"Na hii iko wapi?"

Iko mezani, Kaka. Mahali pako, na vijiti vyako kando. Kwao Baba, Rumoi, Babu alipokuwa akienda kuvua bahari ya kaskazini, kila siku Bibi alimwekea bakuli la wali mezani, limefunikwa, asije akashinda njaa huko aliko. Watu wakishakula, alifunua kifuniko. Kikiwa na matone ya mvuke ndani, hajambo. Kikiwa kikavu, Bibi hakulala. Baba anasema, "Mimi wali sijui kuupika. Najua bia." Kwa hiyo huangalia glasi. Bia yenye baridi sawasawa ikitoka jasho, basi mwanawe hajambo.

Juzi jiko la mafuta ya taa lilizimika na sebule ikawa barafu. Glasi ikabaki kavu. Baba hakugusa chakula. Alitoka na koti kwenda kutafuta mafuta, akawasha jiko, akakaa mbele yake mpaka tone la kwanza likateremka. Ndipo akasema, "Haya, tule." Samaki alikuwa amepoa kama kiatu.

Fremu ni nyeusi kwa sababu ndiyo tuliyokuwa nayo.

Tafadhali njoo tarehe kumi na tano.

Mizuho


Sapporo, 23 Desemba 1991

Kaka,

Hujajibu. Leo nitakuandikia kweli.

Si kidonda. Ni saratani. Daktari alimwita Mama peke yake, na mimi nilikuwa nje ya mlango na mwavuli wake. Baba hajaambiwa. Ameambiwa ni kidonda kibaya, kisipotolewa kitageuka. Watatoa mahali panapotengeneza sauti, kisha atapumua kwa tundu shingoni. Hatasema tena. Na kwa kuwa hewa haitapita puani, hatanusa tena. Baba, Kaka! Baba anayejua tangi limeharibika kabla hajafungua mfuniko.

Mama ameniapisha nisikwambie. Anasema ukitokea ghafla katikati ya msimu wa pombe, Baba atajua mara moja kwamba anakufa. Siku ya Watu Wazima ndiyo pekee ambayo ungeweza kuja bila yeye kushtuka. Lakini leo wamewahisha upasuaji. Sasa ni tarehe tisa. Siku yako itakuja akiwa hana sauti ya kukwambia karibu.

Jana nilikwenda kwenye simu nyekundu ya dukani nikapiga ofisini kwenu. Akaitika mwanamume wa huko kwenu, kelele tupu. "Nani? Nani? Paza sauti, binti, humu kuna mashine!" Nikafungua mdomo. Haikutoka hata herufi moja. Nikakata. Mwenye duka akaniuliza kama nimetapeliwa.

Hapana. Siwezi kuituma hii. Nimeapa. Naikunja, naitia kwenye kamusi.


Sapporo, 24 Desemba 1991

Kaka Hotaka,

Nakutakia mwaka mpya wenye afya. Kama inawezekana, njoo mapema kidogo, kabla ya tarehe tisa. Siwezi kueleza. Naomba uniamini tu.

Mizuho


Nada, 4 Januari 1992

Panya wangu,

Nimechelewa kujibu. Barua yako ya glasi niliisoma nikiwa kwenye chumba cha kuoteshea ukungu wa mchele. Kule ndani kuna joto la kukaanga mtu, tunafanya kazi vifua wazi. Nikakaa chini. Mpishi mkuu akauliza, "Umezimia au unalia?" Nikasema jasho. Akasema, "Jasho haliteremshi makamasi, mpumbavu wewe. Nenda nje."

Mwambie Baba nimefahamu. Hapana, usimwambie, nitamwambia mwenyewe.

Sijaonja bia mpaka leo. Wenzangu wananiita mtoto wa maziwa: mtengeneza pombe ambaye hajawahi kushika glasi ya bia! Siwaelezi. Nilikuwa nimemkasirikia na bado nikamwekea bia yangu ya kwanza. Ajabu, sivyo?

Lakini kabla ya tarehe tisa haiwezekani. Tangi langu la kwanza, nililokabidhiwa mimi, linachacha sasa hivi. Nalisikiliza usiku kama mtoto mchanga. Aprili nakuja. Nitamletea chupa ya tangi hilo. Tutakwenda wote kwenye makumbusho, amsahihishe mwelekezi kwa sauti yake ile ya kiwandani, nawe utajificha nyuma ya jungu kama kawaida. Hakuna haraka. Mzee yule ni chuma.

Hotaka


Sapporo, 6 Januari 1992

Kaka,

Baba ana saratani ya koo. Mtondo, Alhamisi, watamtoa sauti. Mama aliniapisha nisikuandikie. Nimevunja kiapo.

Jana Jumapili Baba alisimama mlangoni na koti. "Mizuho, vaa. Tunakwenda kuonja."

"Kwenye theluji hii?" Mama akauliza.

"Theluji ni ya kila mwaka."

Sikuwahi kumwona akitembea polepole vile. Kwenye makumbusho aligonga jungu la shaba kwa kidole, akaliwekea sikio kama mlango wa jirani. Mwelekezi alikuwa na kundi la wageni, na alikosea palepale pa siku ile, kuhusu kimea. Nikajiandaa kuona aibu. Baba alifungua mdomo. Akaufunga. Tukapita. Kaka, sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa wakati ule.

Kwenye ukumbi wa kuonja tulikaa dirishani. Akaagiza glasi tatu zake: nyeusi, ya kawaida, na ile inayopikwa kwa namna ya zamani. Mimi akaniagizia maji ya zabibu. Halafu akasema, "Na moja zaidi, ya kawaida, ya mwanangu." Msichana akatazama kiti kitupu, akaileta bila kuuliza. Baba akaiweka mahali pako.

Hakunywa. Alinusa. Kila glasi aliishika kwa mikono miwili na kufumba macho muda mrefu, mpaka watu wakaanza kututazama. Kisha akanisogezea. "Nusa."

"Mimi nina miaka kumi na sita, Baba."

"Kunusa hakuna sheria."

Nikanusa. Sikujua nisemeje, nikasema inanukia vizuri. Akatikisa kichwa. "'Vizuri' si harufu."

Kisha alionja ile ya kawaida. Funda moja dogo. Haikupita. Alishika leso mdomoni, akainama, na alipoikunja niliona wekundu kabla hajaificha. Nikatazama nje kana kwamba sijawahi kuona theluji.

Meza ya pili walikaa wanaume wa kampuni fulani, wamelewa, mmoja amejifunga tai kichwani. Akapaza sauti, "Mzee! Mwenzako kakimbia bili?"

"Anakuja," Baba akasema. Ilitoka kama mchanga.

"Anakuja lini? Povu limeshakufa!"

"Labda ni mzimu," mwingine akasema. "Mizimu haina haraka."

Wakacheka. Yule wa tai akanyanyuka. "Basi tumsaidie, bia isiharibike bure." Akanyoosha mkono, akaichukua glasi yako.

Nikasikia mtu anapiga kelele, "WEKA CHINI! Ni ya kaka yangu! Kaka yangu yuko hai!"

Nilikuwa mimi. Nilikuwa nimesimama, na maji ya zabibu yamenimwagikia hadi kwenye soksi. Yule mtu aliirudisha glasi kwa mikono miwili, akainama mara kadhaa, "Samahani, dada, samahani sana," na ile tai ikamwangukia puani.

Baba alikuwa anacheka. Hakuna sauti iliyotoka, mabega tu. Alipomaliza kucheka akasema, polepole, maana kila neno lilimuumiza:

"Siku hizi nyumbani kila mtu ananichekea. Daktari ananichekea. Mama yako anacheka akipika. Mgonjwa wa kupona hachekewi hivyo."

Nikaanza kulia.

"Usimwambie mama yako kwamba najua. Imemgharimu sana kunidanganya. Na Hotaka usimwite. Mwezi huu pombe yao inachacha. Akiliacha tangi, halimsubiri. Mtu haachi tangi."

"Hata kwa baba yake?"

Humo ndani kulikuwa na joto, na glasi yako ilikuwa imelowa nje kote. Baba akaigusa kwa kidole. "Tazama," akasema. "Anatoka jasho. Yuko kazini."

Mama ameniapisha, Baba amenikataza, na mimi maisha yangu yote nimekuwa mtoto wa kutii. Naitia barua hii posta, kisha naenda kwenye simu nyekundu ya dukani. Safari hii sitakata. Ikikufikia, utakuwa umeshanisikia.

Mizuho


Sapporo, hospitalini, 2 Februari 1992

Hotaka,

Sijawahi kuandika barua. Kiwandani niliandika joto la tangi na saa, basi. Sasa sina njia nyingine ya kusema, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Mizuho ameniambia ulivyoipata habari. Bosi wenu alilazimika kushika simu mbali na sikio. Yule mtoto! Na mpishi mkuu akakutoa chumba cha ukungu, akakupeleka uwanja wa ndege mwenyewe na gari la mchele. Akasema tangi lako atalilalia yeye. Huyo ni mtu. Msalimie.

Theluji ndiyo ilikuzuia, wala si wewe. Ndege hazikutua uwanja wetu wa Chitose, ukalala sakafuni uwanja wa Haneda, ulikobadilisha ndege. Nilijua unakuja. Mama yako alinikimbilia asubuhi na uso wa furaha ya uongo, "Eti Hotaka amepewa likizo!" Nikakubali kwa kichwa. Niliwaomba madaktari wangoje. Hawakungoja.

Ulipoingia ulisema, "Baba, samahani." Nilitaka kukujibu, "Mjinga wewe, tangi umemwachia nani?" Ikatoka hewa tu, kwa tundu. Ukadhani nimekataa samahani yako. Nilikuona usoni. Sikukataa.

Yale niliyosema siku uliyoondoka, kwamba sina mwana, niliyasema kwa sauti ile. Wameikata, wameitupa. Usiitafute tena.

Sasa lazima nikiri. Ulifungua chupa ya pombe mpya ya kwenu, ukaishika chini ya pua yangu. Nikafumba macho, nikaitikia kwa kichwa kwamba ni nzuri. Ulifurahi, ukalia. Hotaka, sikusikia harufu yoyote. Ingeweza kuwa maji ya bomba. Hewa yangu inapita shingoni, pua imebaki pambo. Niliitikia kwa sababu ulikuwa umetoka mbali. Lakini wewe ni mtu wa kazi, na mtu wa kazi hasifiwi uongo.

Daktari anasema maneno mengi kwa Mama yako ukumbini. Mimi nahesabu kwa uso wake anaporudi. Sidhani nitafika majira ya joto.

Naomba kitu kimoja. Msimu ukiisha, nenda kwenye makumbusho na mdogo wako. Kaa kwenye kiti chako. Agiza tatu. Kisha niandikie kila moja inanukia nini. Usiandike "nzuri".

Nishikata Iwao,
baba yako


Sapporo, 26 Aprili 1992

Baba,

Nje theluji imebaki mafungu machafu kando ya barabara, na mitaro inakimbia maji. (Mizuho amenilazimisha kuanza hivyo.)

Tuko mezani, dirishani. Tulimwomba daktari akuruhusu utoke hata kwa kiti cha magurudumu, akakataa. Anasema usisogezwe kitandani. Kwa hiyo tutakuletea barua hii jioni, na Mizuho ataisoma kwa sauti. Ana sauti siku hizi, jihadhari.

Mwelekezi amekosea kuhusu kimea. Nimemsahihisha. Mizuho hakujificha.

Glasi ya kwanza nimeipokea kutoka mkononi mwa Mizuho, kwa niaba yako. Nusu ya povu ikaenda kwenye shati. Niliandika hapa kwamba ilikuwa nzuri, Mizuho akafuta. Basi tunaanza upya.

Nyeusi: ukoko wa wali ulioungua chini ya chungu, ule tuliokuwa tunagombania mimi na Mizuho. Nyuma yake kuna moshi, lakini moshi wa jirani, si wa kwetu.

Ya namna ya zamani: ubao mbichi. Ghala lililofungwa msimu mzima, halafu mtu anafungua mlango. Mwishoni kuna tamu kidogo, kama mtu amepita na asali na hakutaka kukupa.

Ya kawaida nimeinusa muda mrefu kuliko zote. Mizuho alidhani nimekwama. Nilikuwa naijua, Baba, kabla hata ya kuonja. Ni shati lako la kazi. Ni wewe unaingia mlangoni jioni, nami nina miaka minne au mitano, unaninyanyua, na pua yangu inagusa kola yako. Miaka yote hiyo nilidhani ndiyo harufu ya baba. Nilidhani baba za wengine nao wananukia hivyo.

Yako tumeiweka mezani, mbele ya kiti cha tatu. Hatukuweka picha. Mhudumu alitaka kuiondoa, akidhani mtu ameisahau. Mizuho alimtazama tu, akaiacha.

Humu ndani kuna joto. Matone yanateremka mpaka mezani, na hatuyafuti.

Hotaka